MJADALA: Mtengenezaji achague mwenyewe maabara ya kupima bidhaa yake?

Mleta mada:

Wadau, tulijadili hili bila jazba. Chaja, mtungi wa gesi, kiti cha mtoto cha kwenye gari, boila ya kiwandani: vyote vinaweza kuua, na vingi hupimwa na maabara iliyochaguliwa na kulipwa na mtengenezaji mwenyewe. Maabara ikimbana, mara ijayo anapeleka kazi kwa mshindani wake. Hoja yangu ni kwamba aendelee kulipa, ila asichague maabara wala asichague sampuli. Hayo mawili afanye mtu mwingine, na maabara ipangwe kwa kura, yaani kwa bahati nasibu.

Sisemi maabara ni za matapeli. Kazi hii ilianza kwa nia safi. Mwaka 1865 boila ya kiwanda cha bia ililipuka Mannheim, Ujerumani, na mwaka uliofuata wenye mitambo wakaunda chama cha kukaguliana. Mashirika ya TÜV, yanayokagua na kutoa vyeti vya usalama, yanatokana na vyama vya aina hiyo. Marekani nako, William Henry Merrill alianzisha mwaka 1894 mjini Chicago maabara iliyokuja kuitwa Underwriters Laboratories (UL), akisaidiwa fedha na watu wa bima ya moto. Hapo ndipo penye somo. Mwenye bima ndiye anayelipa jengo likiteketea, kwa hiyo alitaka kuambiwa ukweli hata ukiwa mchungu. Leo UL Solutions iko soko la hisa la New York tangu 2024, na ankara anapelekewa anayeomba nembo. Shirika limekua, sawa, lakini mwenye kulipa amebadilika.

Sasa tazama mkasa wa PIP wa Ufaransa. Kampuni hiyo ilitengeneza vipandikizi vya matiti kwa silikoni ya viwandani badala ya ile ya kitabibu. Cheti cha kuuza Ulaya walipewa na TÜV Rheinland. Wakaguzi walikuwa wakifika kwa taarifa, kwa hiyo kilichopaswa kufichwa kilifichwa kabla hawajaingia getini. Bidhaa iliondolewa sokoni mwaka 2010, wakati inakadiriwa wanawake 300,000 hivi duniani walishawekewa. TÜV Rheinland wakajitetea kwamba nao walidanganywa na kazi yao ilikuwa kukagua mfumo wa ubora. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema mwaka 2017 kwamba sheria ya wakati ule haikuwapa wajibu wa jumla wa kufanya ukaguzi wa kushtukiza wala kupima vipandikizi vyenyewe, ingawa walitakiwa kuchukua hatua wakiona dalili za kasoro. Yaani mgonjwa anaonyeshwa cheti kinachohusu karatasi, yeye anadhani kinahusu kitu kilichomo mwilini mwake.

Karibuni.

Mpimaji:

Mleta mada, salaam. Mimi niko ndani ya kazi hii, mle mle maabara. Unalenga pembeni ya tatizo.

Nikueleze tunavyofanya, maana watu wengi wanadhani tunagonga muhuri tu. Chukua kipimo cha waya wa moto kwa plastiki ya kifaa cha umeme. Waya unapashwa hadi nyuzi 550 au mpaka 960, kutegemea sehemu inayopimwa, halafu unagandamizwa kwenye plastiki kwa sekunde 30. Chini tumetandika karatasi laini. Waya ukiondolewa, moto unatakiwa uzimike ndani ya sekunde 30, na matone yanayodondoka yasiiwashe ile karatasi. Saa inaandika, kamera inarekodi. Hapo nimpendelee nani, na kwa njia gani? Juu ya hayo, maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, hukaguliwa na chombo kingine, na kupewa sampuli za kulinganisha majibu na wenzao. Ukichezea namba, ipo siku utaumbuka.

Tatizo halisi ni kwamba kinachofika mezani kwangu sicho kinachofika dukani. Mteja analeta kifaa kimoja kilichoundwa kwa mkono na fundi wake bora, kinapita. Miezi sita baadaye anabadilisha plastiki kwa ya bei nafuu na nembo inabaki pale pale. Umesikia habari ya Celotex? Mwaka 2014 walipima mfumo wa ukuta wenye povu lao la kuzuia joto, wakapachika ndani yake mbao za magnesiamu oksaidi zisizoshika moto. Ukapita. Walipotangaza matokeo, mbao hizo hazikutajwa. Povu hilo likaenda kufungwa jengo la Grenfell, London, lililoungua Juni 2017 na kuua watu 72. Maabara ingechaguliwa kwa kura au na malaika, mteja angeleta ukuta ule ule.

Mleta mada:

Mpimaji, nashukuru kwa darasa, na hoja ya sampuli naikubali mia kwa mia. Ndiyo maana niliitaja mwanzo. Ila hadithi ya Celotex umeikata katikati. Kipimo kilifanyika kwenye maabara ya BRE, na ripoti ya mwisho ya tume ya uchunguzi wa moto wa Grenfell, iliyotoka Septemba 2024, inasema BRE ilishiriki katika mbinu hiyo. Maabara haikuwa kipofu pale. Na haikuwa maabara ya uchochoroni. Ilikuwa taasisi ya serikali ya Uingereza hadi ilipobinafsishwa mwaka 1997, baada ya hapo ikawa inatafuta wateja kama wengine. Waya wako wa moto hauna upendeleo, nakubali. Lakini nani anaamua ukuta ujengweje, nini kiandikwe kwenye ripoti na nini kiachwe? Hapo ndipo ulaini unapoingilia.

Mchangiaji wa pembeni:

Mambo mepesi mnayafanya magumu. Serikali ipime yenyewe, basi. Hii ya sasa ni kesi ya nyani hakimu ngedere.

Mtu wa bima:

Ndugu wa pembeni, serikali ipi? Ya Marekani iliwakasimu wafanyakazi wa Boeing sehemu kubwa ya kazi ya kuidhinisha 737 MAX. Ndege mbili zilianguka, Oktoba 2018 na Machi 2019, watu 346 wakafa. Japani wizara ndiyo inayoidhinisha aina za magari, na bado Daihatsu walikuja kukiri mwaka 2023 kwamba udanganyifu uligusa aina 64. Kwenye baadhi ya majaribio ya kugongesha gari, mifuko ya hewa ilifyatuliwa kwa saa iliyotegwa, wakati kwenye gari la kuuzwa ilitakiwa ifyatuliwe na kompyuta inayohisi mgongano. Soma hiyo sentensi mara mbili. Mfuko unafumuka kwa sababu saa imefika, na mtu anajaza fomu kuwa gari limehisi ajali.

Serikali haina vifaa vya kupima kila kitu, na ikiwa navyo haina watu. Ndiyo maana inakasimu. Mimi nasema turudi kule kule alikoanzia mleta mada mwenyewe: bima. Bidhaa isiuzwe bila bima ya madhara, na kampuni ya bima ndiyo ichague maabara. Hasara ni yake.

Mwenye karakana:

Natoa sauti ya wadogo, maana naona mnagawana dunia sisi hatupo.

Marekani mwaka 2007 ilikumbwa na sakata la rangi yenye madini ya risasi kwenye vichezeo. Mattel waliondoa sokoni vichezeo kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2008 ikapita sheria: kila bidhaa ya mtoto ipimwe na maabara huru. Safi kabisa, si ndiyo? Sasa sikilizeni. Sheria hiyo hiyo iliruhusu kampuni kubwa kutumia maabara yake ya ndani, mradi itengwe na idara nyingine na iidhinishwe na tume ya usalama wa bidhaa. Mattel wakaidhinishiwa za kwao. Fundi anayechonga farasi wa mbao mmoja mmoja, ambaye hakuwahi kumdhuru mtoto, yeye akaambiwa apeleke nje kila aina ya kichezeo. Na kipimo cha kuona kama kinaingia kwenye bomba la milimita 31.7, linalowakilisha koo la mtoto, kinakiharibu kichezeo chenyewe, kwa sababu kwanza kinadondoshwa, kinavutwa na kusokotwa ili vipande vitoke. Ukitengeneza vichezeo 20 kwa mwaka, viwili vikaenda kuvunjwa, umebaki na nini? Bunge lao lilikuja kulegeza masharti kwa wadogo mwaka 2011, baada ya kelele nyingi.

Mleta mada unataka nipangiwe maabara kwa kura. Leo angalau naweza kuulizia bei sehemu tatu. Wewe unaniondolea hata hilo, halafu bima ya huyu ndugu hapo juu inanimaliza kabisa.

Mleta mada:

Mwenye karakana, umenigusa kwenye mfupa. Bei lazima ipangwe mapema kwa aina ya kipimo, ilipwe kwenye mfuko mmoja, na mfuko uwabebe wanaotengeneza kidogo. Bila hivyo hoja yangu inakuwa zawadi kwa makampuni makubwa.

Kuhusu bima, Mtu wa bima, napenda historia yake kuliko hali yake ya sasa. Mwenye bima hulipa yale yanayoweza kuthibitishwa mahakamani. Nyumba ikiungua leo, tunaona. Kemikali inayomla mtu kwa miaka 20, nani ataithibitisha?

Na kwa wanaodhani kuchagua kwa kura ni ndoto: imejaribiwa. Jimbo la Gujarat, India, viwanda vinavyochafua mazingira hulazimika kuajiri wakaguzi binafsi. Mchumi Esther Duflo na wenzake walifanya jaribio la miaka miwili kule, wakachapisha mwaka 2013. Kundi moja la viwanda liliachwa kwenye utaratibu wa kawaida. Kundi la pili likapangiwa wakaguzi kwa bahati nasibu, malipo yakatoka mfuko mmoja kwa kiwango maalumu, na baadhi ya vipimo vikarudiwa na watu wengine bila mkaguzi kujua ni vipi. Mwaka wa pili wakaongeza motisha kwa atakayekuwa sahihi. Wakaguzi wa kundi la pili walipunguza kwa asilimia 80 kuandika kwamba kiwanda kimetimiza kiwango wakati hakijatimiza. Na viwanda vyenyewe vikapunguza uchafuzi. Fani ni ile ile, mashine ni zile zile.

Mpimaji:

Jaribio hilo nalijua na ni zuri. Lakini umeyafunga pamoja mambo manne: kura, mfuko, kurudia vipimo na motisha. Walibadilisha yote. Unajuaje kilichofanya kazi ni kura, si hofu ya kurudiwa? Mimi ningeweka pesa yangu kwenye kurudiwa. Mkaguzi akijua kesho mtu mwingine anaweza kupima bomba lile lile, atapima.

Pia moshi wa kiwandani hupimwa na mtu yeyote mwenye kifaa. Pampu ya kumdungia mgonjwa dawa wanaoielewa vizuri wanaweza kuwa maabara chache tu. Ukipiga kura ikaangukia wasioielewa, wataipitisha kwa ujinga badala ya kwa rushwa. Aliyekufa hajali ni kipi.

Nipe badala yake ununuzi wa dukani. Stiftung Warentest ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1964, hununua bidhaa madukani bila kujitambulisha, kama mteja yeyote. Hakuna kifaa cha maonyesho. Kinachopimwa ndicho mama wa mtu anachokinunua.

Mchangiaji wa pembeni:

Hapo nimekuelewa. Ila mkipima baada ya kuuzwa, wa kwanza kununua si ndiye anakuwa sampuli?

Mpimaji:

Ndiyo. Kwa birika naweza kuvumilia. Kwa pampu ya dawa, hapana, na kwa boila hapana kabisa. Halafu nikwambie jambo: alama ya CE, ile ya kuruhusu kuuza Ulaya, unayoiona kwenye bidhaa nyingi za umeme za nyumbani, mtengenezaji anaibandika mwenyewe kwa tamko lake. Hakuna chombo huru kilichohusika. Chombo huru huingia kwenye aina za hatari zaidi. Kwa hiyo kwa birika, kipimo cha dukani kinaweza kuwa ndicho kipimo huru pekee litakachokipata.

Mleta mada:

Basi tugawane kwa hatari. Vya nyumbani vya hatari ndogo, ununuzi wa dukani kwa wingi, na faini iumize. Vya hatari kubwa, kabla ya kuuzwa, maabara ipangwe kutoka orodha fupi ya zinazoijua fani hiyo, na sampuli ichukuliwe stoo na mtu asiyemtegemea mtengenezaji. Kwenye kura nalegeza: orodha ikiwa na maabara mbili tu, zipokezane, na moja irudie sehemu ya kazi ya nyingine.

Lakini kuna sehemu silegezi, na nashangaa Mpimaji hujaigusa: waliofeli. Ripoti ya kipimo ni mali ya mteja. Akifeli anaiweka kabatini, anabadilisha kidogo au anahama maabara, na sisi tunaonyeshwa ile iliyopita tu. Kingspan walipima povu lao la kuzuia joto, K15, mwaka 2005. Baadaye wakabadilisha jinsi linavyotengenezwa, na kipimo cha 2007 kiliwaka vibaya kiasi kwamba mtu wao wa ndani aliuita moto huo jehanamu. Waliendelea kuuza kwa kutumia ripoti ya 2005 hadi walipoiondoa wenyewe Oktoba 2020. Kila kipimo kingesajiliwa hadharani kabla waya haujapashwa, kikiwa na namba, jina la bidhaa na toleo lake, lile kabati lisingekuwepo.

Wewe uliye ndani, maabara yako ingekubali?

Mpimaji:

Bosi wangu asingekubali. Wateja wangehamia kwa asiyesajili siku hiyo hiyo. Ikiwa ni lazima kwa maabara zote kwa pamoja, hata yeye angeshusha pumzi. Ila mtenganishe kufeli kwa kifaa ambacho bado kinabuniwa na kufeli kwa kile kilichoombewa cheti. Mhandisi akiogopa kuchapishwa, ataacha kuja kupima mapema, na hapo ndipo tunapookoa watu wengi zaidi.

Mwenye karakana:

Na gharama ya hilo daftari la kusajili vipimo anabeba nani? Naomba nijibiwe kabla hamjafunga.