WhatsApp, Telegram ama SMS: kundi la kamati ya harusi tulianzishe wapi?

BintiKibokoni: Assalam aleikum. Nataka kufungua kundi la kamati ya harusi, watu kama sitini: Likoni, Kisauni, na wajomba walioko Muscat. Sitaki kuingiza namba mojamoja. Nitumie nini?

FundiKongowea: Waalaikum salaam dada. WhatsApp, usihangaike, wote wako huko tayari. Fungua kundi, kisha chukua linki ya mwaliko uwatumie. Pia kuna ile alama ya QR: ichapishe, siku ya kikao kila mtu aielekezee kamera, ameingia. Nafasi ni watu 1,024, hata harusi za kwetu hazifiki hapo.

MwanaLikoni: Linki ndiyo shida yenyewe. Wazee wamechoshwa na matapeli. Mamangu akiona linki hufuta palepale. Mtumie mtu sauti yako kwanza, linki ifuate. Na wako waliozuia kuongezwa kwenye makundi. Hao ukiwaingiza hupata mwaliko tu, wasipoukubali ndani ya siku tatu umekwisha.

NahodhaMstaafu: Mimi Telegram. Kule WhatsApp namba za watu zaonekana na kila mwanakundi, kesho binti wa watu apigiwa na fulani anayejiita "kamati ya mapambo". Telegram waficha namba, waonekana jina tu. Tena admini akiruhusu, aliyeingia leo asoma ya wiki jana, hakuna cha "jamani, sare ni rangi gani?" mara kumi kwa siku.

FundiKongowea: Sawa nahodha, lakini wangapi kati ya hao sitini wana Telegram? Mpaka wapakue programu mpya na bando zenyewe hizi, bibi harusi keshaingia kwake.

MamaPilau: Mwasahau wenye kabambe! Wapishi wangu hawana simu za intaneti. Hao ni SMS, na mtu wa kuwapigia baada ya kila kikao.

BintiKibokoni: Ahsanteni. Naanza na WhatsApp, baba arekodi sauti ndipo nitume linki. Mama Pilau, wapishi nakuachia wewe. Michango naifungulia kundi lake, waandike maadmini peke yao, la sivyo orodha itazikwa na maua ya "asubuhi njema".

NahodhaMstaafu: Linki ya michango usiitupe ovyo. Ikivuja, ibadilishe kwenye mipangilio ya kundi, ya zamani haifanyi kazi tena.