Paneli ya mlango imejikunja baada ya kupigwa matuta: kosa liko wapi?

Datsun_Mia12

Wakuu, heshima kwenu.

Natengeneza paneli za ndani za milango ya pickup Datsun 1200, za bati tupu lenye matuta ya urembo, zipakwe rangi na zionekane bila kufunikwa na rexine. Bati ni geji 20, yaani mm 0.9, lile laini linalong'aa, siyo lile jeusi lenye magamba. Kila kipande nimekikata mm 800 kwa 450, saizi kamili ya mlango.

Mchoro: tuta moja linazunguka kama fremu, mm 40 kutoka ukingoni, kona za mviringo. Ndani yake kuna matuta 3 ya mlalo yaliyoachana mm 60, kila moja linaishia kabla ya kufika kwenye fremu. Tuta lina upana wa mm 10 na kina cha mm 3. Mashine ya kupiga matuta ni ya rola mbili za kuzungusha kwa mkono, koo lake (kina cha kuingizia bati) mm 450, mwili ni pleti ya mm 10, bolti ya kubana juu ni M10. Nimepiga raundi mbili tu kufika kina.

Matokeo: nikiilaza mezani, katikati imenyanyuka kama mm 25, migongo ya matuta ikiwa upande wa juu. Ukingo nje ya fremu una mawimbi. Kona mbili zina mikunjo na moja imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Halafu pale kati ya ncha za matuta na fremu, ukibonyeza kwa kidole bati linaingia "tong", ukiachia linarudi "tong".

Nataka kuelewa sababu kabla sijakata bati lingine.

---

Nyundo_na_Mchanga

Mkuu, usiitupe hiyo paneli. Umeieleza vizuri kiasi kwamba karibu kila kitu kinaonekana.

Tuta linakula bati. Upana wa mm 10 ukiwa bapa, ukiusukuma kina cha mm 3 unakuwa upinde wa takriban mm 12.2. Hizo mm 2.2 za ziada lazima zitoke mahali: ama bati la pembeni linavutwa kuja kwenye tuta, ama bati linatanuka palepale na kuwa jembamba.

Sasa chukua rula uisimamishe katikati ya paneli, toka ukingo wa juu mpaka wa chini. Unavuka matuta 5: mawili ya fremu na matatu ya ndani. Hapo panadai mm 11. Sogeza rula pembeni, karibu na ncha za yale matatu. Unavuka mawili ya fremu tu, panadai mm 4.4. Kwa hiyo katikati panataka kusinyaa karibu mm 7 zaidi ya pembeni, na bati ni kipande kimoja, haliwezi kutii yote mawili. Bati lililobaki na urefu wa ziada pembeni ndiyo hiyo "tong" yako, na ndiyo hayo mawimbi.

Dawa yake ni kulipa deni kabla ya kukopa: tanua bati kwenye mistari ya matuta kwanza, kisha ndipo upige tuta. Toa dai jike (rola yenye mfereji), weka badala yake gurudumu la mpira mgumu wa yurethani (la skateboard linafaa, mradi tundu lake likae sawasawa kwenye shafti), na juu weka rola pana yenye tumbo kidogo. Pitisha kwenye ukanda wa mm 25, mstari wa tuta ukiwa katikati yake, na uishie mm 10 kabla ya ncha. Bati litaanza kuvimba kama chapati inayoiva. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa.

Utajuaje imetosha? Bandika masking tepu kukatisha ukanda, toka bati bapa la upande huu mpaka bapa la upande wa pili, weka alama mbili mwanzo na mwisho. Pima umbali kati ya alama kwa rula iliyonyooka. Kisha bandua tepu, ilaze bapa mezani, uipime. Tepu ikizidi rula kwa mm 2 mpaka 2.2, acha hapo. Ukizidisha, tuta halitameza lote na utakuwa na uvimbe wa kudumu.

Kama huna hilo gurudumu, mfuko wa mchanga na nyundo ya mbao yenye uso wa mviringo vinafanya kazi hiyohiyo, ila alama za nyundo utazilainisha kwa muda mrefu.

Paneli hii ya sasa: ziada iko kwenye pande fupi, basi sinyaza hapo. Joto la gesi, doa dogo la mm 10 likiwa jekundu, gonga taratibu kuzunguka doa ukiwa umekinga kwa chuma chini, kisha poza kwa kitambaa chenye maji. Doa moja, angalia, doa lingine. Hii ni kwa chuma tu.

---

Mkereza_MSA

Nakubaliana na Nyundo kuhusu "tong" na mawimbi. Ule mgongo wa mm 25 nadhani una sababu ya pili, na iko kwenye dai.

Migongo ya matuta ikiwa upande wa nje wa mpindo, maana yake tuta limerefuka kwa urefu wake. Bati limebanwa kati ya dai mpaka likatambaa kwenda mbele, kama unga chini ya mpini wa kusukumia chapati. Hapo hata ukitanua vizuri kabla, paneli itapinda tu.

Hesabu ya dai jike ni rahisi: upana wa dai dume (rola yenye mgongo unaosukuma bati kwenye mfereji), jumlisha unene wa bati mara mbili. Dume la mm 10 na bati la mm 0.9: mfereji uwe mm 11.8, mimi huacha 12. Kwa geji 18, ambayo ni mm 1.2, mfereji uwe mm 12.4 na kidogo juu yake. Ukitumia seti moja ya dai kwa bati zote, bati nene litabanwa mashavuni, yaani pande mbili za tuta. Kingo za mfereji ziwe na mviringo wa mm 1.5 mpaka 2, zing'arishwe kwa msasa namba 400 na mafuta. Ukingo mkali unaacha mistari miwili kando ya tuta, na rangi haifichi mistari hiyo.

Pima hivi: kata kipande cha bati hilohilo, mm 75 kwa 300, piga tuta moja, kisha kikate kukatisha tuta kwa msumeno wa chuma, lainisha kwa tupa, utazame unene wa mashavu. Ukiona limeshuka chini ya mm 0.7, dai zinabana. Angalia pia kama shavu moja ni jembamba kuliko lingine: hapo dume halijakaa katikati ya jike. Sogeza dai kwa washa nyembamba. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu mm 0.1, linakatika kwa mkasi, ni washa nzuri sana kwa kazi hii.

Kingine ni mwili wa mashine. Pleti ya mm 10 yenye koo la mm 450 inafunguka mdomo ukibana. Pima kwa vernia umbali kati ya mikono miwili karibu na shafti, bila bati, kisha bati likiwa ndani na limebanwa. Ikifunguka mm 1, hiyo ni mm 1 ya kina unayoipoteza, na haipotei sawasawa, ndiyo maana wengine wanaona tuta lina kina hapa na halina pale. Chomelea bomba la mraba 50 kwa 50, unene mm 3, juu ya mkono wa juu na lingine chini ya mkono wa chini, urefu wote. Vua shafti na bushi kabla ya kuchomelea, na chomelea kwa kuruka huku na kule ili mikono isipinde.

Raundi mbili ni chache. Bolti ya M10 ya kawaida inashuka mm 1.5 kwa mzunguko mmoja. Nusu mzunguko kila raundi, raundi nne, umefika mm 3 bila kulilazimisha bati.

---

Kona_Mviringo

Swali moja kwa mwenye mada: ulianza na fremu au na yale matatu ya ndani?

---

Datsun_Mia12

Nilianza na fremu, ili niwe na mpaka wa kufuata.

---

Kona_Mviringo

Basi hapo napo pana kosa. Fremu iliyofungwa ni kama kamba iliyokazwa: ukishaipiga, matuta ya ndani hayawezi tena kuvuta bati kutoka nje. Anza na tuta la katikati ya paneli, kisha la juu yake, kisha la chini, na fremu iwe ya mwisho kabisa.

Usikate saizi kamili kabla. Acha mm 25 kila upande, piga matuta yote, halafu ndipo upime upya toka mstari wa katikati na ukate. Paneli uliyokata mm 450 kabla ya matuta haitabaki mm 450.

Kona: nusu kipenyo ya mviringo wako ni ngapi? Kwa dai za kipenyo cha mm 60 hivi, mimi siendi chini ya mm 40. Kona ikiwa kali kuliko hapo, ubavu wa dai unalisukuma bati badala ya kulibingirisha, linajikunja upande wa ndani na kuchanika upande wa nje. Ukitaka kona kali, tafuta dai ndogo zaidi.

Mstari uchore kwa maka peni. Msumari wa kuchorea unaacha jeraha, na ufa wa kona mara nyingi unaanzia humo. Ule ufa wako toboa tundu la mm 2 kwenye ncha yake usiendelee, kisha uchomelee. Usiuzibe kwa pati, mlango unapigwapigwa kila siku na utafunguka tena.

Wakati wa kupiga, mwenzio azungushe mpini, wewe mikono miwili iwe kwenye bati. Macho yasitazame dai. Yatazame mstari kama mm 20 kabla haujaingia. Anzia katikati ya upande ulionyooka, kamwe usianzie kwenye kona, na raundi ya kwanza iwe ya kuacha alama tu, maana zinazofuata zitafuata njia hiyo hata kama ni mbovu. Kwenye kona mzungushaji apunguze kasi, bati ligeuke kidogo kidogo. Kwa ncha za matuta ya ndani, weka alama kwenye bati na alama juu ya dai dume pale linapogusa, zikikutana, simama. Mm 25 za mwisho legeza bolti robo mzunguko ili tuta life polepole. Ncha iliyokatika ghafla inatoa mkunjo kama wa soksi.

Piga tupa kingo za bati lote kwanza. Glovu zenye nyuzi zinazoning'inia zisikaribie rola.

---

Datsun_Mia12

Nimewaelewa wakuu. Nitakata bati jipya lenye ziada na kupima dai kwanza. Swali la mwisho: mlango wa pili naweza kutumia alumini? Na kuna mtu kanishauri bati la kuezekea kwa sababu lina zinki, halitashika kutu.

---

Nyundo_na_Mchanga

Bati la kuezekea liache. Kwa kawaida ni jembamba na limekazwa kiwandani, halitaki kutanuka, na zinki inabanduka kwenye mgongo wa tuta, palepale ulipotaka ikulinde. Ukilichomelea, moshi wa zinki unaleta homa.

Alumini ndiyo. Tafuta aina ya 3003-H14 ya mm 1.2, inatii. 5052 ni ngumu kidogo ila inafaa. 6061-T6 itapasuka kwenye kona. Ikiwa kipande hakina alama, kunja ukanda mmoja mpaka ncha zikutane: ukipasuka, usiupeleke kwenye mashine hivyo ulivyo. Unaweza kuulainisha: washa asetilini peke yake, paka masizi juu ya bati lote, kisha ongeza oksijeni mpaka moto uwe wa kawaida na upitishe mpaka masizi yapotee. Yakipotea, ondoa moto. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo masizi ndiyo macho yako.

---

Mkereza_MSA

Kwa alumini futa dai kwa mafuta ya taa kila raundi na upake nta kidogo. Vipunje vinanata kwenye chuma na kuchora mgongo wa tuta lote linalofuata. Dai jike nalo libadili, maana mm 1.2 haitaingia kwenye mfereji wa mm 12.

Na matundu ya skrubu za kufungia paneli toboa mwisho, paneli ikiwa imeshikizwa kwenye mlango wenyewe. Ukiyatoboa kabla ya matuta yatahama, na yale ya kwenye kona yatahama zaidi.