Tupeane uzoefu: «Ain't No Mountain High Enough» ulianzia wapi, na umekugusa vipi?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa tunayoyajua na tuliyoyapitia kuhusu wimbo huu ambao Marvin Gaye na Tammi Terrell waliutoa mwaka 1967 chini ya Motown, kampuni ya Detroit. Harusini hupigwa kama wimbo wa wapenzi, lakini mbegu yake ilikuwa nyingine. Nickolas Ashford, mwandishi wa maneno yake, alifika New York akiwa hana kitu, akawahi hata kulala kwenye mabenchi ya bustani. Alipokuwa akitembea katika mitaa ya Manhattan alijiapiza kwamba jiji lile halitamshinda, na kiapo hicho ndicho kilichozaa habari za mlima, bonde na mto. Aliutunga pamoja na Valerie Simpson, ambaye walikutana kanisani Harlem mwaka 1964. Mwimbaji wa Uingereza, Dusty Springfield, aliutaka, nao wakamnyima, kwa kuwa walikusudia uwafungulie mlango wa Motown. Niliyasoma haya nikiwa natafuta kazi Nairobi na kulala sebuleni kwa binamu yangu, na kuanzia hapo nausikia wimbo huu kama nadhiri ya mtu asiye na pa kuegemea. Wenzangu, ninyi je?

Mpiga besi wa Mombasa
Mimi nimeufahamu kupitia vidole. Bendi yetu huupiga hotelini, na ilinibidi niusikilize kipande kwa kipande, maana James Jamerson, mpiga besi wa rekodi ile, hakuridhika kushikilia noti ya msingi tu. Anapanda, anashuka, anawajibu waimbaji, na bado mapigo hayayumbi. Mkono wake wa kulia ulicharaza kwa kidole kimoja cha shahada, na inafahamika kwamba hakupenda kubadilisha nyuzi za gitaa lake hadi zikatike. Hebu sikilizeni anavyobeba beti bila kumfunika Tammi. Kinachoniuma ni kwamba yeye na wapigaji wenzake wa studio, waliojulikana kama Funk Brothers, hawakuandikwa majina kwenye majalada ya santuri za Motown miaka ile, na ilibidi kungoja hadi 1971, Gaye alipotoa albamu ya «What's Going On», ndipo wakatajwa.

Mama wa Tanga
Ndugu mwanzisha mada, ahsante. Nina la kuongeza kuhusu namna sauti zenyewe zilivyorekodiwa. Tammi aliimba sehemu yake peke yake, mbele ya watayarishaji Harvey Fuqua na Johnny Bristol, akiwa na wasiwasi kwa sababu hakuwa ameyafanyia mazoezi maneno. Sauti ya Marvin iliongezwa baadaye. Sisi nyumbani tulifanya jambo linalofanana na hilo, kwani mume wangu yuko Muscat kikazi, na binti yetu alipoolewa tulitaka kumwimbia pamoja. Nilijirekodi kwa simu chumbani, nimefunga madirisha ili bodaboda zisisikike, kisha nikamtumia naye akaweka yake. Kazi ngumu ilikuwa kuacha nafasi ya jibu la mtu ambaye sijamsikia, na kuvuta pumzi pale ambapo yeye angeanza. Kwa hiyo nampa Tammi heshima kubwa sana: alikuwa na umri wa miaka 21 tu, na kila mstari aliuacha wazi upande mmoja, tayari kupokelewa.

Mkaazi wa Michigan
Nimeitembelea nyumba ile ya Motown, katika barabara ya West Grand Boulevard huko Detroit, ambayo sasa ni makumbusho. Chumba cha kurekodia ni kidogo, na wanamuziki walikiita shimo la nyoka kwa ajili ya nyaya zilizoning'inia kila mahali.

Tusisahau yaliyofuata. Oktoba 1967, Tammi alianguka jukwaani huko Virginia, mikononi mwa Marvin. Ikagundulika ana uvimbe kwenye ubongo, na akafariki Machi 1970, akiwa na miaka 24. Mwaka huohuo Diana Ross aliuimba upya, kwa usimamizi wa Ashford na Simpson wenyewe, ukafika nafasi ya kwanza Marekani, ilhali ule wa awali uliishia nafasi ya 19. Mama wa Tanga, pamoja na ukubwa wa toleo hilo la Ross, mimi nabaki na lile la 1967, kwa sababu ahadi ile inahitaji mtu wa pili wa kuiitikia.