Petroli yenye ethanoli: je, Morris ya zamani na mashine ya boti vitahimili?

Mwenye Morris (Kikwajuni)

Assalaam aleikum. Ninayo Morris Minor ya mwaka 1962 aliyoniachia marehemu baba, ambayo hadi leo inatembea kwa kabureta yake ya SU, na pia ninashirikiana na shemeji yangu wa Mkokotoni katika boti ya faiba yenye mashine ndogo ya kuchanganya petroli na oili. Binamu yangu aliyeko Uingereza ameniandikia kwamba tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ni E10, yaani yenye ethanoli (aina ya spiriti) hadi asilimia 10, na kwamba wenye magari ya zamani wanashauriwa kujaza ile ya daraja la juu, ambayo ethanoli yake haizidi asilimia 5. Amenitumia mipira mipya ya mafuta na kunisisitiza niifunge mapema. Naomba kufahamishwa ni sehemu zipi hasa zinazoathirika, na vipi mtu wa kawaida anaweza kujua kama petroli aliyouziwa ina ethanoli ndani yake.

Vespa ya Darajani

Waaleikum salaam, kaka. Kabla hujaifunga hiyo mipira, isome maandishi yake. Mpira kuwa mpya si hoja. Ukiona umeandikwa SAE J30 R9, yaani kiwango cha mipira inayohimili ethanoli, hapo umepata unaofaa.

Fundi wa Kabureta (Malindi)

Ndugu yangu, umeuliza jambo la maana, kwa sababu hata majirani zetu wa Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli katika petroli tangu mwaka 1982, na magari yao yanatembea. Ethanoli haiui injini kwa siku moja. Inachofanya ni kuvishambulia vitu ambavyo watengenezaji wa zamani hawakuvitayarisha kukutana nayo.

Anza na mipira. Ile ya zamani hufura, hulainika, kisha hupasuka kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na vipande vyake vyeusi huenda kuziba sindano ya kabureta. Mpira unaovuja petroli juu ya ekzosi ya moto ni hatari ya kuungua gari, kwa hiyo hapa sikubaliani kabisa na wanaosema tusubiri mpaka ushuke tone la kwanza. Kiwambo cha pampu ya SU nacho kikaguliwe, pamoja na gasketi zote. Katika magari ya zamani zaidi, maboya ya kizibo yalipakwa vanishi ya sheliki, na vanishi hiyo huyeyuka ndani ya ethanoli. Boya likishavuliwa vanishi hunywa mafuta na kuzama.

Jambo la pili ni kwamba ethanoli husafisha. Tangi lenye kutu na utando wa miaka mingi litaachia uchafu wake wote mara moja, basi weka chujio la kioo mbele ya pampu na ulitazame kila siku katika wiki za mwanzo.

La tatu ni nguvu. Lita ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli, na inahitaji hewa pungufu kuliko petroli ili iungue sawasawa, kwa hiyo E10 huifanya kabureta iliyopangwa zamani itoe mchanganyiko mwepesi, yaani wenye mafuta machache kwa hewa iliyopo. Kwa SU dawa yake ni rahisi: ishushe jeti (kile kitundu kinachopitisha mafuta) kidogo kwa nati yake ya chini, kisha isome rangi ya plagi. Ikiwa nyeupe, bado.

Ama kupima, tafuta chupa nyembamba ya kioo yenye alama za mililita. Tia maji mililita 10 na petroli mililita 100, funga, tikisa, kisha iache itulie. Petroli tupu itakaa juu na maji yatabaki 10 vile vile. Ikiwa ina ethanoli, ethanoli hiyo itayafuata maji, na utaliona tabaka la chini limepanda; kwa E10 litakaribia 20. Fanya hivyo nje, mbali na moto, na petroli hiyo usiirudishe kwenye tangi.

Mwenye Morris (Kikwajuni)

Nakushukuru sana, fundi. Nitaipima kesho kwa petroli ya sheli na kwa ile ya dumu. Shemeji ana hofu kwamba hewa ya bahari peke yake itaitia maji petroli ya boti.

Nahodha wa Mkoani (Pemba)

Hewa hufanya kazi yake polepole. Kinachotutesa sisi wa baharini ni maji yenyewe: kifuniko cha tangi kisichokaza wakati wa masika, dumu lililosuuzwa na kutumiwa bila kukauka, wimbi lililoingia kwenye tundu la kupumulia. E10 huweza kubeba maji takriban mililita 5 kwa lita, yaani kijiko kimoja cha chai. Yakizidi hapo, ethanoli na maji hujitenga kwa pamoja na kuzama chini ya tangi, mahali hasa panapovutiwa mafuta.

Kwa mashine ya shemeji yako hiyo ndiyo balaa kubwa, kwani oili hubaki juu pamoja na petroli, na mashine ikivuta lile tabaka la chini pistoni hukosa ulainisho na kukwama, pengine ukiwa mbali na pwani. Zile dawa za chupa zinazouzwa madukani haziwezi kuyarudisha mafuta yaliyokwisha kujitenga. Yamwage mahali salama na ulikaushe tangi.

Mwambie afunge chujio lenye kikombe cha kutenganisha maji, achanganye mafuta ya safari hiyo tu, na boti inapopandishwa wakati wa kusi auchomoe mpira wa mafuta mashine ikiwa inanguruma, mpaka izime yenyewe na kabureta ibaki tupu.