Madelyne Pryor alikuwa mke wa mtu! Waandishi wa komiki wanatudhulumu

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Jana jioni hapa Mwanga, Kigoma, tumekaa kijiweni tunabishana habari za X-Men, mashujaa wa komiki za Marvel, kijana mmoja akasema, "Cyclops hakukimbia mke. Yule hakuwa mke, ni kloni tu." Alimaanisha Madelyne, kwamba ni nakala ya mtu iliyotengenezwa maabara. Wenzake wakaunga mkono. Nimeamka nalo neno hilo, bado limenikaba kooni.

Madelyne aliingia kwenye hadithi mwaka 1983, rubani wa ndege za mizigo huko Alaska. Mwaka uleule Scott Summers, ndiye huyo Cyclops, akamuoa, harusi kabisa, watu wakashuhudia. Wakapata mtoto wa kiume, Nathan. Mwaka 1986 Jean Grey, mpenzi wa zamani ambaye tulishamzika, akarudishwa hai. Scott akanyanyuka, akaacha mke na kichanga. Hilo ni kosa la mume, tena kosa zito, na mwandishi mwenye haya angemwacha alibebe. Lakini kufika 1989 tukaambiwa Madelyne alitengenezwa na Mister Sinister, adui wa X-Men, kutokana na Jean ili azae na Scott. Wakampandisha mashetani, wakamuua. Scott akarudi kwa Jean, mikono safi.

Ukloni wake uliletwa kufuta deni la mwanamume, basi! Mimba aliibeba nani? Usiku mtoto akilia, aliyekuwa anaamka ni nani, Sinister? Na Nathan huyo ndiye shujaa Cable, ambaye mnanunua fulana zake.

Labda linanichoma zaidi kwa sababu mimi nimelelewa na mama mdogo, Ujiji. Kila nikiandikishwa shule lilikuwa swali moja, "Huyu ni wa nani?" Mama mdogo anajibu, "Wangu." Mwalimu anauliza tena.

Ndiyo maana hata mambo ya mapacha Wanda na Pietro, mashujaa wengine wa Marvel, siwezi kuyasoma kwa utulivu. Mwaka 1974 wakapewa baba, Robert Frank. 1979, hapana, si yeye. 1983, baba ni Magneto, adui mkubwa wa X-Men. Tukakaa na Magneto miaka zaidi ya 30, tukamzoea, hadithi nzurinzuri zikajengwa juu yake, kisha 2014 naye akaondolewa. Django na Marya Maximoff, waliowatia watoto hao chakula mdomoni, wanatajwa kwa kupita tu. Conner Kent, yaani Superboy, kloni wa Superman, vilevile: aliletwa 1993 na maelezo mengine, mwaka 2003 akaambiwa nusu yake ni Lex Luthor, adui wa Superman. Baba wanabadilishwa kama betri za redio.

Na Ben Reilly, kloni wa Peter Parker (Spider-Man)? Huyu alijitafutia jina mwenyewe. Ben ni la ba'mkubwa aliyemlea Peter, Reilly ni la ukoo wa Aunt May, mke wa ba'mkubwa huyo, kabla hajaolewa. Mtu aliyeambiwa hana kwao akachukua majina ya watu wa kwao, wala hakuomba kingine. Wakatuyumbisha 1994 hadi 1996, mara yeye ndiye Peter halisi, mara siye. Mwisho akauawa akimkinga Peter, mwili ukageuka vumbi ili sisi wasomaji tupate uthibitisho kwamba yeye ndiye kloni. Kifo chake kikafanywa cheti cha maabara. Hata kaburi hakupewa! Mwaka 2016 wakamfufua, wakamfanya adui.

Msiniambie "ni katuni tu, mkuu". Vijana wa hapa kijiweni wanazisoma kwenye simu kila siku, na jana nimesikia kwa masikio yangu walichokipata humo.

Sasa yule anayesema Madelyne hakuwa mke aje hapa anijibu: ndoa ile ya 1983 ilivunjwa lini, na nani aliivunja?