Kampaundi inazuia kimeng'enya, lakini bakteria wa kifua kikuu hawafi

Swali
Ndugu wataalamu, tumebuni kampaundi kadhaa kwa kufuata umbo la InhA, kimeng'enya ambacho bakteria wa kifua kikuu hukitegemea kutengeneza asidi za mikoliki za ukuta wao. Moja inakizuia barabara kikiwa peke yake, ila tulipoipima kwa bakteria hai kwenye sahani ya vishimo 96, vishimo vyote vilichafuka kwa bakteria walioendelea kukua, hata chenye dozi kubwa kuliko vyote. Je, kasoro iko kwenye molekuli au kwenye kipimo?

Jibu la 1
Mimi ningeanza kuushuku ukuta, kwa kuwa umesheheni mafuta mazito mithili ya nta, na hata molekuli inayopenya huweza kutolewa nje na pampu za bakteria. Hata hivyo, msiitupe. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka 1952, huishambulia InhA hiyo hiyo, lakini huingia ikiwa haina makali na kusubiri kimeng'enya cha KatG kiiamshe. Ndiyo maana bakteria wengi sugu ni wale ambao KatG yao imeharibika. Kampaundi isiyohitaji kuamshwa ingewafikia hao pia, na hilo si jambo dogo kwa mgonjwa aliyeishiwa dawa. Bedakwilini, dawa nyingine ya kifua kikuu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, ilipatikana kwa njia ya kinyume: walianza na bakteria hai, na shabaha yake, yaani sehemu ya bakteria inayoishambulia, ikajulikana baadaye.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu, ila kabla ya kuibadilisha molekuli, tazameni mmewalisha nini bakteria hao. Mkitia albumini, protini ya damu, kampaundi inayopenda mafuta huing'ang'ania, ikabaki kidogo tu ya kufanya kazi. Mazingira ya kipimo hudanganya pande zote mbili: pirazinamidi, nayo dawa ya kifua kikuu, huonekana haifai kitu pasipo asidi, ilhali imesaidia kufupisha matibabu hadi miezi 6, na kuna kampaundi zilizoua bakteria waliolishwa gliseroli, kisha zikashindwa kabisa kuponya panya.

Muulizaji
Nashukuru sana. Albumini tulitia, tena kwa mazoea tu, bila kufikiri. Tutarudia bila hiyo, sambamba na bakteria waliopunguziwa pampu.

Jibu la 2
Vema. Wekeni na seli za binadamu siku hiyo hiyo, maana kinachoua kila kitu si dawa.