Wakandarasi wa nyaraka, linki zenu zinafunguka kwenye laptop zenu tu!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nimekuja na hasira.

Niko kitengo cha matengenezo kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Tuliipa kazi kampuni moja (jina naliweka kando, wenyewe wakisoma watajijua) itutengenezee kitabu cha mitambo: kompresa za vyumba vya baridi, mashine za barafu, jenereta. Walikuja na maneno mazito. Kitabu kimeandikwa kwa DocBook (muundo wa kuandikia vitabu vya kiufundi kwa alama za XML), XML safi. Ukitaka HTML, yaani kurasa za kufungua kwenye brauza, unapata, ukitaka PDF unapata, chanzo ni kilekile. Ukibofya jina la mtambo, mchoro wake wa umeme unafunguka papo hapo. Bosi akasaini.

Sasa usiku kompresa imejizima, minofu ya sangara imejaa ndani, fundi wa zamu anafungua kitabu na kubofya mchoro wa paneli. Kimya. Anabofya tena. Kimya! Ikabidi paneli ifunguliwe, waya zifuatwe mmoja mmoja kwa tochi.

Asubuhi nikafungua chanzo chenyewe. Haya, someni linki yao (href ndiyo anwani ya faili):

<link xlink:href="file:///C:/Users/Admin/Desktop/KAZI MPYA/Umeme &amp; Baridi/Paneli.PDF">

Desktop! Desktop ya nani? Huyo Admin yuko Dar na laptop yake, sisi tuko huku ziwani. Nawapigia simu, najibiwa: "Mbona kwetu inafunguka, kaka?" Sasa kwako itaachaje kufunguka na faili liko kwako?

Wakaahidi kurekebisha. Marekebisho yao? Wakapakia kurasa zote kwenye seva ya ofisi, linki zikabaki zilezile za file:///, wamebadilisha tu herufi ya diski. Jamani. Ukurasa uliofunguliwa kwa http hauruhusiwi na brauza kufungua faili la kwenye diski ya kompyuta yako. Chrome inakataa, Firefox inakataa, na ni kwa usalama wako mwenyewe. Mbaya zaidi, zinakataa kimyakimya: onyo linaandikwa kwenye konsoli ya watengeneza programu, mahali ambapo fundi mwenye grisi mikononi hawezi kwenda kuchungulia.

Dawa yake wala si ngumu, ndiyo maana inauma. Andika xlink:href="michoro/paneli.pdf", basi. Njia fupi, isiyotaja diski ya mtu. Ila ujue inahesabiwa kuanzia pale HTML ilipo, siyo pale XML yako ilipo. Hapo ndipo wengi wanapoangukia: chanzo kiko folda moja, kurasa zinatoka folda nyingine, na stailishiti za DocBook (zile kanuni zinazogeuza XML kuwa HTML) hazikunakilii hizo PDF. Zinaandika anwani kama ulivyoiandika na kuendelea na safari. Folda ya michoro unaipeleka mwenyewe, kila ukitengeneza upya.

Na majina ya mafaili, kwa kweli! Nafasi katikati ya jina inatakiwa iandikwe %20, au uache tu kuweka nafasi. Paneli.PDF na paneli.pdf kwenye Windows ni kitu kimoja, kwenye seva yetu ya Linux ni mafaili mawili tofauti. Halafu sura mbili za mwisho wamechanganya ulink, alama ya linki ya DocBook 4, ndani ya hati ya toleo la 5, ambako iliondolewa. Ina maana hata kuihakiki hati hawakuihakiki. Tumewalipa kwa nini hawa?

Awamu ya mwisho ya malipo bado haijatoka, na fomu ya kupokea kazi inapita mezani kwangu. Nimewaambia hivi: leteni kwenye flashi, tuchomeke kwenye kompyuta ya chumba cha mitambo isiyo na intaneti wala huyo Admin wenu, fundi wa zamu abofye linki moja baada ya nyingine mbele yenu. Wamesema hilo halimo kwenye mkataba.

Mwenye skripti ya kupitia kurasa za HTML na kutaja kila href ambayo faili lake halipo, aiweke hapa. Nataka niwapelekee orodha iliyochapwa.